Taa za Motokaa na Mkono wa Mwenyewe

Katika nchi iliyokatwa na ikweta, usiku huingia kwa haraka. Jua likisha kuzama, giza halikawii. Na muda wa giza ni karibu saa 12 katika kila mwezi wa mwaka. Watu wa Ulaya wana majira ya joto ambayo jioni zake ni ndefu. Msafiri wa Kenya hana jioni kama hizo. Mwenye motokaa atokaye Nakuru baada ya kazi kurudi Molo, au ashukaye kutoka Voi kwenda Mombasa, huzitegemea taa zake kama kipofu aitegemeavyo fimbo. Taa moja ya mbele ikizimika, motokaa hufanana na pikipiki machoni pa yule ajaye. Taa ya breki ikifa, afuataye nyuma hajui kwamba aliye mbele anasimama. Kwa hiyo balbu, kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, yaweza kuwa mpaka baina ya uhai na mauti.

Kitu chenye thamani kubwa namna hiyo kingestahili kuwa karibu na mkono wa mwenyewe, ili kikiharibika kitengenezwe pale pale. Lakini historia yasimulia habari nyingine. Kwa muda wa zaidi ya miaka 100 nuru ya motokaa imeongezeka nguvu mara nyingi, na kwa muda huo huo taa yenyewe imekuwa ikijitenga na mkono wa mwenyewe hatua kwa hatua. Leo ziko motokaa ambazo kubadili balbu yake moja ni kazi ya kuvua bampa nzima. Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? Ili kujibu swali hili hatuna budi kurudi nyuma mpaka mwanzo.

Karl Benz wa Ujerumani alipata hati ya uvumbuzi wa motokaa yake mwaka 1886. Motokaa za siku zile zilirithi taa za magari ya farasi, yaani mishumaa na mafuta ya taa ndani ya visanduku vya kioo. Nuru yake ilikuwa dhaifu. Ilifaa zaidi kumwonyesha dereva kwa watu wengine kuliko kumwonyesha dereva njia. Lakini mwendo wenyewe ulikuwa mdogo, na mtu hakuhitaji kuona mbali kwa kuwa hakwenda kwa kasi. Taa ile ilikuwa na fadhila moja: kila mtu aliijua. Aliyeweza kuwasha taa ya nyumbani aliweza kuwasha taa ya motokaa, na utambi ukiungua aliukata kwa mkasi.

Kasi ilipozidi, nuru nayo ilitakiwa izidi. Mwaka 1892 Thomas Willson, mtu wa Kanada aliyefanya kazi katika jimbo la North Carolina huko Marekani, alikuwa akitafuta njia rahisi ya kupata alumini. Hakuipata alumini, akapata kabidi. Kabidi ni kitu kigumu kama jiwe. Kikidondokewa na maji hutoa gesi iitwayo asetilini, na gesi hiyo ikiwashwa hutoa mwanga mweupe mkali kuliko wa mafuta. Sisi tuna kumbukumbu ya kitu hiki katika lugha yetu, kwa maana neno karabai, ambalo baadaye lilihamia kwenye taa ya mafuta yenye pampu, limetokana na jina la kabidi.

Taa za asetilini zilitawala barabara za dunia mwanzoni mwa karne ya 20. Zilikuwa na nuru njema, lakini zilitaka utumishi. Kabla ya safari dereva alitia kabidi katika chombo chake na maji katika chombo kingine, akafungua bomba ili maji yadondoke kidogo kidogo. Kisha alishuka, akaufungua mlango wa kioo wa kila taa, akaiwasha kwa kiberiti. Baada ya safari ilimpasa kukomba tope la chokaa lililobaki na kufuta masizi katika kioo. Mwaka 1904 kampuni ya Prest-O-Lite ya mji wa Indianapolis ilianza kuuza mitungi ya gesi iliyokwisha kutengenezwa, na kazi ya dereva ikapungua. Hata hivyo usiku wa upepo na mvua bado ulikuwa adui wa kiberiti chake.

Umeme ulibisha hodi mapema, lakini ulichelewa kupewa kiti. Motokaa ya umeme iitwayo Columbia iliuzwa na taa za umeme tangu mwaka 1898. Kizuizi kilikuwa ule uzi mwembamba ulio ndani ya balbu, ambao hupata moto mpaka ukang'aa. Siku zile uzi huo ulifanywa kwa kaboni, na kaboni huvunjika upesi. Katika dari ya nyumba balbu ya namna hiyo yaweza kuishi kwa amani, lakini katika barabara yenye mashimo haina maisha. Karibu na mwaka 1910, William Coolidge wa kampuni ya General Electric aliweza kuufanya madini ya tungsteni kuwa uzi unaopindika bila ya kukatika. Uzi huo ulistahimili joto na mtikiso, na mlango wa umeme ukafunguka.

Kampuni ya Peerless ilikwisha kuzifanya taa za umeme kuwa sehemu ya kawaida ya motokaa zake mwaka 1908. Motokaa za Cadillac za mwaka 1912 zilikuja na mtambo kamili wa umeme, uliobuniwa na Charles Kettering na wenzake: betri, kiwashio cha injini, na taa, vyote katika mpango mmoja. Ford Model T, motokaa ya watu wa kawaida, ambayo zaidi ya milioni 15 zilitengenezwa baina ya mwaka 1908 na 1927, ilipewa taa za mbele za umeme mwaka 1915. Umeme wake ulitoka katika magneto iliyozungushwa na injini yenyewe. Kwa hiyo injini ikienda polepole taa zilififia, na ikienda mbio ziling'aa. Dereva aliyepunguza mwendo gizani kwa ajili ya hadhari alipunguziwa na nuru pia.

Tangu hapo kuzaliwa kwa balbu kulibadili kazi ya mwenye motokaa. Hakuwasha tena, alibadili. Balbu za siku hizo zilikuwa na kitako cha shaba chenye vipini viwili pembeni. Mtu aliondoa kioo cha mbele cha taa, akaisukuma balbu ndani kidogo, akaizungusha, nayo ikatoka. Taa zenyewe zilisimama mbele ya motokaa kama macho ya kaa, kila moja juu ya mguu wake, hazikufichwa na kitu chochote.

Nuru ilipokuwa kali likazuka jambo ambalo taa ya mafuta haikulijua. Taa ilianza kumdhuru jirani. Dereva aliona vizuri, lakini yule aliyemkabili alipofuka kwa muda, na upofu wa dakika moja barabarani ni mrefu kuliko uhai wa mtu. Hapo ikafahamika kwamba nuru ya motokaa si mali ya mwenyewe peke yake. Ni mali ya wote watumiao njia. Mwaka 1915 kampuni ya Guide Lamp ya Marekani ilitoa taa ambazo ziliweza kuinamishwa, lakini ilimlazimu dereva asimame na kushuka ili aziinamishe. Mwaka 1917 Cadillac iliweka mkono wa kuziinamishia ndani ya gari. Mwaka 1924 Osram ya Ujerumani ikatoa balbu iitwayo Bilux, yenye nyuzi mbili katika kioo kimoja, uzi mmoja kwa mwanga wa mbali na mwingine kwa mwanga wa chini. Mpango huu wa nyuzi mbili wafanya kazi hata leo katika motokaa nyingi.

Katika miaka ya 1930 Marekani ilikuwa na motokaa nyingi kuliko nchi yoyote, na pia ilikuwa na vurugu ya taa. Kila mwundaji alikuwa na umbo lake na kipimo chake. Vumbi na unyevu viliingia ndani, na bakuli la kurudishia mwanga, lililong'arishwa kwa fedha, likapoteza mng'aro. Hata ukitia balbu mpya, nuru ilibaki kuwa hafifu. Dawa iliyopatikana ilikuwa taa ya kipande kimoja. Bakuli, kioo cha mbele na uzi vilifungwa pamoja katika chombo kimoja cha kioo, kisichoingiwa na hewa wala maji. Ilianza kuonekana mwaka 1939, na kuanzia motokaa za mwaka 1940 ikawa ndiyo taa pekee iliyokubaliwa na sheria za nchi ile. Ilikuwa ya mviringo, na upana wake ulikuwa inchi 7.

Yafaa tusimame hapa kidogo, kwa sababu mahali hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Taa ile ilikuwa ya kutupwa: uzi mmoja ukikatika, chombo kizima kiliachwa. Kwa macho ya leo jambo hilo laonekana kuwa ni uharibifu. Lakini kwa kuwa kipimo kilikuwa kimoja kwa motokaa zote, taa ile iliuzwa katika kila duka la vipuri, kwa bei ya kadiri, na mtu yeyote mwenye bisibisi aliweza kuibadili mwenyewe. Aliondoa ukingo wa nje, akalegeza skrubu za pete iliyoishika, akachomoa plagi nyuma yake, akatia mpya. Hakuhitaji kumjua mwundaji wa motokaa yake. Aliyeharibikiwa usiku katika mji mdogo aliweza kuuziwa taa ile ile ambayo angaliuziwa katika mji mkuu.

Urahisi huo haukuwa wa Marekani peke yake. Volkswagen ya umbo la kobe, ambayo ilijulikana sana katika Afrika ya Mashariki, ilikuwa na taa iliyoshikwa na skrubu moja chini ya ukingo wake. Ukiifungua, taa nzima ilikuja mkononi. Land Rover, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948 na kuwa gari la wakulima, mabwana shamba na askari, ilikuwa na mwili wa mabamba bapa yaliyoungwa kwa skrubu na nati, na mtu aliweza kuzifikia taa zake bila ya kupigana na kitu kingine. Magari hayo yalijengwa na watu waliojua kwamba fundi wa karibu huenda yuko mbali, na kwamba dereva atakuwa fundi wa nafsi yake.

Lakini wahenga walisema, kizuri hakikosi ila. Sheria iliyoilinda taa ya kipande kimoja iliifunga pia. Nchi za Ulaya ziliendelea kutumia balbu zinazobadilishwa, na huko ndiko maendeleo yalikopita. Mwaka 1959 kampuni ya General Electric ya Marekani ilipata hati ya taa ya halojeni. Ndani yake hutiwa gesi yenye iodini au bromini, ambayo huurudisha mvuke wa tungsteni kwenye uzi badala ya kuuacha ugande katika kioo na kukitia weusi. Hivyo uzi huweza kupata moto mkali zaidi na bado ukaishi. Balbu ya kwanza ya halojeni kwa motokaa, iitwayo H1, ilitokea Ulaya mwaka 1962. Balbu ya H4, yenye nyuzi mbili, ilifuata mwaka 1971. Wakati huo Wamarekani, ambao ndio waliopata hati ya uvumbuzi, walizuiwa na sheria yao wenyewe kuitia balbu ya namna hiyo katika taa za mbele. Motokaa za Mercedes zilizopelekwa Marekani zilipaswa kuvuliwa taa zake za asili na kuvikwa taa za mviringo. Basi twaona kwamba usawa ulileta urahisi, na usawa huo huo ukaleta kudumaa.

Sasa tutazame namna taa ilivyofichika. Kufichika kwake hakukuletwa na nia mbaya ya mtu, bali na mambo mema matatu yaliyokutana mahali pamoja.

Jambo la kwanza lilikuwa kutaka nafasi. Mwaka 1959 Alec Issigonis aliionyesha dunia motokaa ndogo iitwayo Mini, ambayo injini yake ililazwa upande kwa upande na kuzungusha magurudumu ya mbele. Kwa njia hiyo motokaa fupi iliweza kubeba watu wanne. Mpango huo ulienea katika motokaa ndogo karibu zote. Abiria walipata nafasi, lakini chini ya boneti nafasi ilikwisha. Betri, kisanduku cha kichujio cha hewa, na mabomba ya maji yalisogea mpaka mgongoni mwa taa.

Jambo la pili lilikuwa bei ya mafuta. Mwaka 1973 bei hiyo ilipanda ghafula, na wachumi wa kila nchi wakashtuka. Waundaji wakatafuta umbo linalopenya hewa bila ya kushindana nayo, kwa kuwa motokaa inayoteleza hewani hutumia mafuta machache. Taa ya mviringo iliyosimama wima haikupatana na umbo hilo. Mwaka 1983 serikali ya Marekani iliikubalia kampuni ya Ford ombi lake la kutumia taa zenye umbo la motokaa yenyewe na balbu zinazobadilishwa. Lincoln Mark VII ya mwaka 1984 ikawa ya kwanza kuuzwa huko na taa kama hizo tangu taa ya kipande kimoja ilipotawala. Tangu hapo kila motokaa ilipewa jicho lake mwenyewe, nalo halikuingia katika uso wa nyingine. Vioo vilibadilika kuwa plastiki ngumu, ambayo ni nyepesi na haivunjiki upesi, lakini jua kali huigeuza rangi ikawa ya manjano na kuupunguza mwanga.

Jambo la tatu lilikuwa usalama wa watu katika ajali. Bampa za chuma zilizosimama peke yake ziliondoka, zikaja bampa za plastiki zinazofunika uso wote wa motokaa mpaka chini ya taa. Skrubu zinazoshika taa zikabaki nyuma ya bampa hizo.

Hivyo ndivyo mtu alivyojikuta mbele ya motokaa yake mwenyewe kama mgeni mlangoni. Katika baadhi ya motokaa huna budi kuondoa betri kwanza. Katika nyingine hulazimika kuligeuza gurudumu la mbele ndani, kuondoa kifuniko cha plastiki kilicho ndani ya madigadi, na kupenyeza mkono mahali ambapo jicho halifiki, ukapapasa kama mtafuta sindano gizani. Na ziko zile ambazo bampa lazima ivuliwe. Kazi iliyokuwa ya dakika chache imekuwa ya asubuhi nzima, na balbu ya bei ndogo imezaa gharama kubwa ya kuifikia.

Kenya iliipokea historia hii kwa namna yake. Kwa miaka mingi motokaa nyingi zinazoingia nchini zimekuwa zile zilizokwisha kutumika Japani, na kanuni huzitaka zisipite umri wa miaka 8. Twashukuru kwamba Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa sababu mwanga wa chini wa taa zao huelekea ukingo wa kushoto wa njia. Motokaa ya nchi za mkono wa kulia huelekeza mwanga huo kulia, nao hapa humwingia machoni anayekuja. Lakini vitabu vya maelezo vya motokaa hizo, kama vimekuja, aghalabu vimeandikwa kwa Kijapani. Mwenye mali anayo siri ya mali yake katika lugha asiyoisoma.

Aliyelijaza pengo hilo ni fundi wa jua kali. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliivuta dunia kutambua kazi za watu kama hawa, ambao hawakuhesabiwa katika viwanda wala ofisi, lakini walikuwa wakizalisha na kutengeneza. Fundi wa namna hii hujifunza motokaa kwa mkono wake. Anajua ni ipi ambayo betri yake haina budi kuondolewa, na ni ipi ambayo mkono mwembamba wa mwanagenzi wake utapita bila ya kuvua kitu. Maarifa hayo ni hazina, ingawa hayajaandikwa.

Hata hivyo haimpasi mwenye motokaa kuwa mjinga kabisa wa taa zake. Kazi yenyewe ina adabu zake, na anayezishika aweza kuifanya nyumbani. Kwanza huiweka motokaa mahali tambarare, huzima injini na taa, na kungoja zipoe, kwa kuwa balbu ya halojeni huunguza kama kaa la moto. Kisha husoma alama iliyo juu ya kitako cha balbu, kama H4 au H7, na kununua yenye alama ile ile na nguvu ile ile; balbu yenye nguvu kupita kipimo huyeyusha plagi na kuwapofusha wengine. Akitaka kuondoa gurudumu, haiamini jeki peke yake, bali huweka kigingi imara chini ya motokaa. Plagi huivuta kwa kichwa chake, wala haivuti kwa nyaya. Kabla ya kuitoa balbu hutazama vizuri, au hupiga picha, jinsi ilivyokaa na jinsi waya wa kuibana ulivyopita. Balbu mpya huishika kwa kitako au kwa kitambaa safi, wala hakigusi kioo kwa vidole vitupu, kwa maana mafuta ya ngozi huacha doa linalopata moto kupita mahali pengine na kuifupisha maisha. Kifuniko cha nyuma hukirudisha sawasawa, la sivyo unyevu utaingia. Na kabla ya kurudisha vitu alivyoviondoa, huijaribu taa kwanza, asije akafunga yote na kufungua tena.

Katika kazi hii nguvu si sifa. Plastiki ya taa ikivunjika meno yake, taa nzima hulegea. Haraka haraka haina baraka. Na msemo huo ni kweli mara mbili pale mkono unapofanya kazi bila ya jicho. Taa za nyuma kwa kawaida ni rahisi zaidi, maana nyingi hufikiwa kutoka ndani ya buti. Basi mtu na aanze kujifunza kwa hizo. Lakini ziko taa zisizofaa kuguswa na asiyefundishwa. Taa za zenoni, zilizoanza kutumika katika BMW mwaka 1991, huwashwa kwa umeme wa maelfu mengi ya volti, nao waweza kuua.

Hatua ya mwisho katika safari hii ni taa za diodi. Lexus LS 600h ya mwaka 2007 ilikuwa motokaa ya kwanza kuuzwa na taa za namna hiyo kwa mwanga wa chini wa mbele. Hazina uzi wa kukatika, hutumia umeme kidogo, na huweza kuishi muda mrefu sana. Lakini katika nyingi kati yake hamna balbu ya kubadili. Chombo kikifa, hununuliwa chombo kizima. Tumerudi basi kwenye taa ya kipande kimoja ya mwaka 1940, ila bila ya fadhila yake. Ile ilikuwa moja kwa motokaa zote, na bei yake ilikuwa ya kadiri. Hii ni ya motokaa moja tu, na bei yake yaweza kumshinda mwenye mshahara wa kawaida.

Mtu asiyeweza kununua chombo kizima hufanya nini? Huendesha na taa moja. Sheria ya Trafiki humkataza, na ni haki imkataze. Lakini sheria peke yake haiwashi taa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nako kulifanya jambo la kuziba ufa kuwa gumu ni kuzidisha kuta zitakazojengwa. Kila balbu isiyofikika ni hatari inayosafiri barabarani, na wa kuumia huenda akawa mtoto atembeaye kwa miguu, ambaye hakuwa na motokaa wala balbu.

Tulianza kwa kuuliza kama ilikuwa lazima iwe hivyo. Historia yajibu kwamba haikuwa lazima. Mwaka 1940 sheria ilichagua taa ambayo kila mtu aliweza kuipata na kuibadili. Katika nchi zinazofuata kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari, mwundaji ameamriwa kuziweka taa zenye balbu za kubadilishwa kwa namna ambayo balbu zake zitabadilika bila ya vyombo vya pekee, isipokuwa vile vinavyotolewa pamoja na gari, na atoe maelezo ya kazi hiyo. Ingawa amri hiyo haizigusi taa zisizo na balbu ya kubadilishwa. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliikubali sheria ya kuwapa wenye magari na mafundi wa nje haki ya kupata maarifa ya kuyatengeneza, maarifa ambayo waundaji waliwapa mawakala wao. Haya yote ni matendo ya watu waliokaa, wakafikiri, wakachagua. Taa haikutoroka kwa miguu yake. Ilipelekwa ilikopelekwa na maamuzi ya wanadamu, na maamuzi ya wanadamu yaweza kuirudisha.

Vijana wa shule za leo ndio watakaokuwa wahandisi, watunga sheria, wafanya biashara na wanunuzi wa kesho. Anayechora motokaa na aukumbuke mkono utakaoitengeneza. Anayetunga kanuni za magari yanayoingia nchini na aulize sio umri wa gari tu, bali pia kama taa zake zitatengenezeka huku. Anayenunua na afungue boneti kabla ya kufungua mkoba, atazame mgongo wa taa uko wapi. Na kila mmoja, kabla ya jua kuzama, azunguke motokaa yake mara moja na kuzihesabu taa zake. Maana giza halimngoji mtu aliyesahau.